Kabla ya kumlaumu dereva, pima volti za geji: Mwongozo kwa wenye malori makuukuu

Miongoni mwa mizozo isiyokwisha baina ya wenye malori na madereva wao ni ule wa mafuta. Mwenye gari anashikilia kwamba tanki lilijazwa. Dereva anaapa kuwa hakuuza hata lita moja. Na shahidi pekee anayetegemewa na wote wawili ni mshale mdogo ulio kwenye dashibodi. Mwamba ngoma huvutia kwake, na katika kesi ya aina hii kila upande huusoma mshale huo kwa namna inayoufaa.

Hata hivyo, katika gari lililoundwa miaka 40 au 50 iliyopita, shahidi huyo aghalabu huwa muongo. Uongo wake mara nyingi hautokani na tanki wala dereva, bali na volti zinazoifikia geji. Madhara huwa makubwa zaidi pale geji ya joto inapohusika. Geji ya mafuta ikidanganya, gari litazimika njiani. Geji ya joto ikidanganya wakati lori lenye mzigo linapanda mwinuko wa Mai Mahiu au Timboroa, maji yatachemka bila dereva kujua, gasketi itaungua, silinda hedi itapinda, na gharama ya ukarabati yaweza kupita thamani ya gari lenyewe.

Makala haya yanaeleza jinsi geji za magari ya kale zinavyofanya kazi, jinsi ya kupima volti zake hatua kwa hatua, na namna ya kuziunganisha upya kwa usalama. Mfano mkuu ni Land Rover ya Series III, iliyotengenezwa Uingereza kati ya 1971 na 1985. Land Rover ziliunganishwa pia katika kiwanda cha Thika, wakati huo kikiitwa Leyland Kenya, ambacho baadaye kilibadilishwa jina na kuwa Kenya Vehicle Manufacturers. Magari mengi ya aina hiyo yangali yakibeba maziwa, kuni, mahindi na abiria mashambani. Kanuni zitakazoelezwa zinafaa pia kwa malori mengine ya volti 12 yaliyotumia geji za kampuni ya Smiths ya Uingereza.

JINSI GEJI INAVYOFANYA KAZI

Watu wengi hudhani kuwa geji ya mafuta ni kipimo cha umeme cha kawaida. Sivyo ilivyo katika magari haya. Ndani ya geji kuna ukanda mwembamba ulioundwa kwa metali mbili zilizobanwa pamoja. Metali hizo hutanuka kwa viwango tofauti zinapopata joto. Kwa hivyo ukanda hujikunja. Ukanda huo umezungushiwa waya mwembamba. Umeme ukipita katika waya, waya hupata joto, ukanda hujikunja na mshale husogea.

Hii ndiyo sababu mshale wa geji za aina hii hupanda polepole dereva anapowasha ufunguo, na hautikisiki ovyo gari linapopita kwenye mashimo. Geji inahitaji muda ili ipate joto. Anayeipima hana budi kusubiri takriban nusu dakika kabla ya kuamua kwamba imefikia mahali pake.

Kiasi cha umeme kinachopita katika geji huamuliwa na kitambuzi. Kitambuzi cha tanki kina boya linaloelea juu ya mafuta na mkono unaoteleza juu ya waya wenye ukinzani. Tanki la Land Rover likiwa tupu, ukinzani huo huwa takriban omu 240. Likijaa, hushuka hadi kati ya omu 20 na 30. Ukinzani ukishuka, umeme mwingi hupita, geji hupata joto zaidi na mshale hupanda.

Kitambuzi cha joto, kilichofungwa kwenye injini karibu na njia ya maji, hakina mkono wala boya. Ndani yake kuna kipande cha madini ambacho ukinzani wake hupungua kadiri joto linavyoongezeka: mamia ya omu injini ikiwa baridi, na makumi tu injini ikiwa moto. Vitambuzi vyote viwili hurudisha umeme kwenye betri kupitia chuma cha gari, njia ambayo mafundi huiita athi.

KAZI YA KIDHIBITI VOLTI

Hapa ndipo lilipo tatizo ambalo wahandisi wa zamani walilazimika kulitatua. Betri iliyojaa huwa na takriban volti 12.6 injini ikiwa imezimwa. Injini ikinguruma na altaneta kuchaji, volti hupanda hadi kati ya 13.8 na 14.4. Joto linalozalishwa na waya huongezeka kulingana na mraba wa volti. Volti zikipanda kutoka 12 hadi 14, joto huongezeka kwa takriban asilimia 36. Bila ya udhibiti, geji ingeonyesha mafuta mengi gari likiwa mwendoni na machache likisimama, ilhali kiwango ndani ya tanki ni kile kile.

Suluhisho lilikuwa kidhibiti volti, kijisanduku kidogo cha bati kilichofichwa nyuma ya dashibodi. Katika mfumo wa Smiths, kazi yake ni kuzipa geji wastani wa volti 10, betri iwe na 12 au 14.

Namna kinavyofanya hivyo ni ya kustaajabisha kwa usahili wake. Ndani yake kuna ukanda mwingine wa metali mbili, waya wa kuupasha moto na vidomo viwili vinavyogusana. Umeme ukipita, ukanda hupata joto, hujikunja na kuviachanisha vidomo. Umeme ukikatika, ukanda hupoa na vidomo hugusana tena. Mzunguko huo hujirudia muda wote ufunguo ukiwa umewashwa. Kwa hivyo kidhibiti hakitoi volti 10 kamili wakati wowote. Hutoa volti zote za betri, kisha sifuri, kisha zote tena. Kwa vile geji ni kifaa cha joto kinachokwenda polepole, hakihisi mapigo hayo. Huhisi wastani wake tu.

Ni muhimu kukumbuka jambo moja: waya unaopasha moto ukanda wa kidhibiti humaliza safari yake kwenye bati la kijisanduku chenyewe. Bati hilo lisipogusana vyema na athi, ukanda haupati joto, vidomo havitaachana kamwe, na geji zitapokea volti zote za betri bila kukatizwa. Kwa geji iliyoundwa kwa volti 10, volti 14 ni karibu mara mbili ya joto iliyokusudiwa.

MIFUMO HAIFANANI

Kosa moja kubwa ni kudhani kwamba malori yote makuukuu hutumia mfumo mmoja. Mwenye pikapu ya Ford kutoka Marekani, kama vile F-100 au F-250 za miaka ya 1960 na 1970, atakuta kidhibiti kinachofanya kazi kwa kanuni hiyo hiyo lakini chenye wastani wa volti 5, si 10. Kitambuzi cha tanki cha Ford huwa na takriban omu 73 tanki likiwa tupu na omu 10 likijaa. Kuiunganisha geji ya Ford moja kwa moja na betri ili kuijaribu ni njia ya hakika ya kuiunguza.

Chevrolet C10 za 1967 hadi 1972, kwa upande mwingine, hazina kidhibiti cha geji kabisa. Geji yake hutumia koili za sumaku zinazovutana, hivyo kupanda kwa volti hakuibabaishi sana. Isitoshe, kitambuzi chake cha mafuta huenda kinyume: omu sifuri tanki likiwa tupu na omu 90 likijaa. Katika gari hilo, waya wa kitambuzi cha tanki ukikatika, mshale hupanda kupita alama ya kujaa. Katika Land Rover na Ford, mshale huanguka hadi sifuri. Fundi asiyejua tofauti hii ataweza kubadilisha kitambuzi kizima bila sababu.

DALILI ZINAVYOSEMA

Kabla ya kufungua skrubu yoyote, inafaa kutazama geji zote kwa pamoja, kwa sababu mpangilio wa kasoro huonyesha chanzo chake.

Iwapo geji ya mafuta na ya joto zote zinaonyesha sifuri, mshukiwa wa kwanza ni fyuzi au waya unaopeleka umeme kwenye kidhibiti. Wa pili ni kidhibiti chenyewe. Iwapo zote zinaonyesha juu kupita kiasi, kwa mfano tanki la nusu likionekana limejaa na injini ya kawaida ikionekana kuchemka, basi aidha kidhibiti kimepoteza athi au vidomo vyake vimegandana.

Iwapo geji moja tu ndiyo mbaya na nyingine ni sahihi, kidhibiti hakina hatia. Kasoro iko katika geji hiyo, waya wake au kitambuzi chake. Na iwapo mishale yote hupanda kila dereva anapoongeza kasi na kushuka injini inapopunguza mwendo, kidhibiti hakidhibiti tena.

Ni vyema kuongeza onyo kuhusu geji ya joto. Kitambuzi chake hufanya kazi kikiwa kimezama ndani ya maji. Maji yakivuja na kupungua hadi kitambuzi kikabaki katika hewa au mvuke, geji yaweza kushuka wakati injini inaungua. Mshale wa joto unaoanguka ghafla gari likipanda mlima si habari njema. Dereva anapaswa kusimama, kuzima injini na kuiacha ipoe kabla ya kugusa kifuniko cha radieta.

VIFAA VINAVYOHITAJIKA

Vifaa si vingi. Mita ya umeme inayopima volti na omu inahitajika, na ikiwezekana iwe ya mshale badala ya tarakimu. Mita ya tarakimu hubabaishwa na mapigo ya kidhibiti na huonyesha nambari zinazorukaruka kati ya sifuri na 12, jambo ambalo limewafanya mafundi wengi kutupa vidhibiti vizima. Balbu ndogo ya volti 12 iliyofungwa nyaya mbili nayo hufaa, kwani humeta na kuzimika kulingana na mapigo hayo.

Rezista mbili, moja ya omu 22 na nyingine ya omu 270, zote za wati moja, zitatumika badala ya kitambuzi. Aidha, andaa waya mrefu wa kufikia ncha hasi ya betri, msasa laini, brashi ya chuma na vipande vya karatasi vya kuandikia kila waya mahali ulipotoka.

Rangi za nyaya husaidia. Katika magari ya Uingereza ya wakati huo, waya wa kijani hubeba umeme uliopita kwenye ufunguo na fyuzi. Kijani hafifu, pengine chenye mstari, hutoka kwenye kidhibiti kwenda kwa geji. Kijani chenye mstari mweusi huenda kwenye kitambuzi cha tanki, kijani chenye mstari wa buluu huenda kwenye kitambuzi cha joto, na cheusi ni athi. Hata hivyo, katika gari lililopita mikononi mwa mafundi wengi, rangi si ushahidi wa kutosha. Mita ndiyo huamua.

Jambo jingine la kuthibitisha mapema ni upande wa betri uliofungwa kwenye chuma cha gari. Series III hutumia hasi. Baadhi ya Land Rover zilizotangulia, za kabla ya mwishoni mwa miaka ya 1960, zilitumia chanya. Geji za joto hazijali mwelekeo huo, lakini vifaa vya kisasa vya elektroniki huungua papo hapo vikiunganishwa kinyume.

HATUA ZA KUPIMA

Hatua ya kwanza ni betri. Pima volti zake injini ikiwa imezimwa kwa saa kadhaa. Kisha washa injini, ongeza kasi kidogo na upime tena. Ikiwa volti zinapita 15, tatizo la gari hilo ni altaneta au kidhibiti cha kuchaji, na halina budi kurekebishwa kwanza, la sivyo kila kipimo kinachofuata kitapotosha.

Hatua ya pili ni umeme unaoingia kwenye kidhibiti. Washa ufunguo bila kuwasha injini. Weka ncha nyeusi ya mita kwenye hasi ya betri na nyekundu kwenye ncha ya kidhibiti yenye herufi B. Mita inapaswa kuonyesha volti zinazokaribiana na za betri. Upungufu wa zaidi ya nusu volti unaashiria kishikio cha fyuzi kilichoota kutu, swichi ya ufunguo iliyochakaa au kiungo cha waya kilicholegea.

Hatua ya tatu ni athi. Acha ncha nyeusi kwenye hasi ya betri na uguse bati la kidhibiti kwa ncha nyekundu, ufunguo ukiwa ungali umewashwa. Jibu linalotakiwa ni karibu sifuri, lisizidi sehemu ya kumi ya volti moja. Likizidi hapo, umeme unapata kizuizi kurudi nyumbani. Ili kuthibitisha, unganisha waya wa muda kutoka kwenye bati hilo hadi hasi ya betri. Iwapo mishale iliyokuwa juu itashuka baada ya dakika moja hivi, ugonjwa umepatikana, na dawa yake ni waya mmoja tu.

Hatua hii ina uzito wa pekee kwa Land Rover, kwa kuwa sehemu kubwa ya mwili wake ni alumini na chesisi ni ya chuma. Metali hizo mbili zinapokutana mahali penye unyevu, huliana. Katika miji ya pwani kama Mombasa na Malindi, ambako hewa ina chumvi, uharibifu huo huenda kwa kasi zaidi.

Hatua ya nne ni umeme unaotoka. Hamisha ncha nyekundu hadi kwenye ncha ya kidhibiti yenye herufi I, geji zikiwa zimeunganishwa. Kwa sekunde chache za mwanzo utaona volti zote za betri, kwa sababu kidhibiti kingali baridi. Baada ya hapo mapigo yataanza, na mshale wa mita utayumba. Ukiona volti za betri zimetulia kwa dakika nzima bila kukatika, na athi ni nzuri, vidomo vimegandana. Usipoona chochote, ilhali umeme unaingia kwenye B, vidomo havigusani. Katika hali zote mbili kidhibiti kibadilishwe.

Hatua ya tano ni geji. Kila geji ina ncha mbili. Ncha ya kuingilia inapaswa kuonyesha mapigo yale yale uliyoyaona kwenye I. Ikiwa moja inayo na nyingine haina, waya kati yake umekatika.

Hatua ya sita ni kuitenganisha geji na kitambuzi chake. Zima ufunguo, chomoa nyuma ya dashibodi waya unaokwenda kwenye kitambuzi, kisha uwashe. Mshale unapaswa kushuka hadi mwisho. Usiposhuka, geji yenyewe ni mbovu au ina umeme unaovuja. Zima tena, unganisha ncha hiyo ya geji na athi kupitia rezista ya omu 22, washa na usubiri nusu dakika. Mshale unapaswa kupanda hadi karibu na alama ya kujaa. Ukiweka rezista ya omu 270, unapaswa kukaa karibu na alama ya tupu. Geji ikifaulu majaribio yote mawili ni nzima, na mshukiwa anayebaki ni kitambuzi au waya unaokielekea. Kwa gari la Ford, tumia omu 10 na omu 73 au zinazokaribia.

Hatua ya saba ni kitambuzi. Ufunguo ukiwa umezimwa na waya wake umechomolewa, pima omu kati ya ncha ya kitambuzi na bati lake. Kisha pima kati ya bati hilo na hasi ya betri. Hapo lazima pawe karibu na sifuri. Kamwe usipime omu kwenye waya wenye umeme, kwani mita itadanganya au kuharibika. Kwa kitambuzi cha joto, kumbuka kuwa athi yake hupitia kwenye nyuzi za skrubu. Fundi akizizungushia utepe mwingi wa kuzuia maji, hukata njia ya umeme bila kukusudia.

HATARI YA TANKI

Katika Land Rover nyingi za Series III, tanki liko chini ya kiti cha mbele. Anayekifungua kitambuzi anafanya kazi mahali ambapo mvuke wa petroli umejikusanya. Cheche moja inatosha kuleta maafa.

Kwa sababu hiyo, majaribio ya rezista yafanywe upande wa dashibodi, si juu ya tanki. Betri itenganishwe kabla ya kukifungua kitambuzi, kazi ifanyiwe nje palipo na hewa, na sigara, jiko na simu zikae mbali. Desturi ya kugusisha waya wa tanki kwenye chuma cha gari ili kuona iwapo mshale utapanda imezoeleka katika gereji nyingi za jua kali. Ni desturi inayofaa kuachwa, kwani huleta cheche mahali pabaya kuliko pote.

Kitambuzi kikishatoka, usogeze mkono wake polepole kutoka chini hadi juu huku ukitazama mita. Omu zinapaswa kubadilika taratibu bila kuruka. Zikirukaruka au kupotea mahali fulani, waya wa ndani umelika. Tikisa pia boya: likiwa limeingia mafuta litazama, na geji itaonyesha tupu siku zote.

KUUNGANISHA UPYA

Iwapo nyaya za zamani zimekauka na kupasuka ganda, ni heri kuziweka mpya kuliko kuzifunga utepe. Waya wa milimita mraba 1 unatosha kabisa, maana kila geji ya Smiths hutumia umeme usiofika robo ampea. Utaratibu ni huu: kutoka kwenye fyuzi inayowaka kwa ufunguo, hadi B ya kidhibiti, kutoka I, hadi ncha ya kuingilia ya kila geji, kutoka ncha ya pili ya geji, hadi kitambuzi chake.

Ongeza fyuzi ndogo ya ampea 2 au 3 kwenye waya unaoingia B. Fyuzi kuu ya gari imekusudiwa mizigo mikubwa zaidi, na waya mwembamba wa geji waweza kuyeyuka kabla fyuzi hiyo haijakatika. Pitisha nyaya mbali na bomba la moshi, na kila zinapopenya tundu la bati zivishwe mpira.

Mwisho, weka waya wa athi usiotegemea skrubu za dashibodi: mmoja kutoka kwenye bati la kidhibiti hadi mahali palipokwanguliwa rangi kwenye chuma imara, na mwingine kutoka kwenye kitambuzi cha tanki hadi chesisi. Kidhibiti cha kale chenye alama ya upande wa juu kifungwe kama alama inavyoelekeza, maana joto la ndani husambaa tofauti kikilazwa.

KIDHIBITI CHA ELEKTRONIKI

Vidhibiti vya vidomo vinazidi kuwa adimu, na wengi huweka cha elektroniki. Kipande kinachotumika kwa mfumo wa Smiths ni 7810, ambacho hutoa volti 10 zilizotulia. Kwa Ford ni 7805, chenye volti 5. Vyote hupatikana kwa wauzaji wa vipuri vya redio. Ukikitazama upande wenye maandishi, miguu ikiwa chini, mguu wa kushoto huingiza umeme, wa kati ni athi na wa kulia hutoa. Bati la mgongoni limeungana na mguu wa kati, hivyo kukifunga kwenye chuma cha gari huipa athi na kukipoza kwa pamoja. Kapasita ya mikrofaradi 0.33 kwenye mwingilio na ya 0.1 kwenye utokaji hukituliza.

Kuna mambo matatu ya kuzingatia. Mosi, kifaa hiki kinafaa kwa gari lenye hasi kwenye athi pekee. Pili, 7810 huhitaji takriban volti 2 za ziada ili kutoa 10, kwa hivyo betri ikishuka chini ya 12, geji nayo itashuka kidogo. Tatu, ni joto. Katika gari la volti 14 linalotumia nusu ampea, 7805 hulazimika kutupa wati 4.5, kiasi kinachotosha kukiunguza kisipofungwa kwenye bati pana.

Wenye malori ya volti 24 wasijaribu kuhamisha mpango huu kama ulivyo. Mfumo huo huchaji kwa takriban volti 28. Wala wasichukue umeme wa geji kutoka kwenye betri moja kati ya mbili, kwani betri hizo zitachajiwa bila usawa na moja itakufa mapema. Geji zilizoandikwa volti 24, pamoja na vitambuzi vyake, ndizo zinazofaa.

KUITHIBITISHA GEJI

Kazi haijakamilika mshale unapoanza kusonga. Tanki likiwa karibu tupu, gari likiwa mahali tambarare, ongeza lita 10 kwa wakati mmoja, subiri dakika moja kila mara na uandike mshale ulipofika. Rudia hadi tanki lijae. Mwenye gari na dereva washuhudie zoezi hilo kwa pamoja, na kila mmoja abaki na nakala ya orodha. Mkono wa boya hautembei sawasawa na umbo la tanki, kwa hivyo nusu ya geji si lazima iwe nusu ya mafuta. Orodha hiyo ndiyo itakayoonyesha ukweli.

Kwa geji ya joto, iache injini ipate moto wake wa kawaida huku radieta ikiwa imejaa, kisha uweke alama ndogo kwenye kioo mahali mshale unapotulia. Dereva atakayeona mshale umepita au umeanguka chini ya alama hiyo atajua kuna jambo.

Zoezi zima, likifanywa na fundi mtulivu, huchukua asubuhi moja na gharama ya vipuri ni ndogo. Dereva anayetuhumiwa wizi hana njia ya kujitetea mbele ya mshale ambao haujawahi kupimwa. Mwenye lori naye hana msingi wa kumfuta kazi. Kwa hivyo, pale mzozo wa mafuta unapozuka, mita ya umeme itangulie, na maneno yafuate baadaye.